Ukiondoka usiku wa leo, nani anajua kazi zako ziko wapi? Uzi kwa waandishi, wanamuziki, wachoraji na kila anayebuni

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu.

Mada ya kuacha alama kwa kazi ya ubunifu ikiletwa, majibu huwa yaleyale: piga kazi, kazi nzuri hujiuza yenyewe, vizazi vitakuja kukutambua. Mimi ni mhariri, na sehemu ya kazi yangu ni kupokea mafurushi ya watu waliotangulia mbele za haki: madaftari, kanda, picha zilizogandana, diski ambazo mashine ya kuzisoma haipatikani tena. Ninayoyaona humo hayafanani kabisa na hayo majibu. Kazi nzuri hupotea kila siku bila mtu kushtuka, na za wastani zinafika mbali. Mara nyingi kinachozitenganisha si kipaji. Ni kama palikuwa na mtu wa pili, aliyejua kuna nini, kiko wapi, na akifanyie nini.

Chukueni Johann Sebastian Bach, mtunzi wa muziki wa Ujerumani. Alipofariki mwaka 1750, maandishi yake ya muziki yaligawanywa kwa mjane na watoto. Mwanawe Carl Philipp Emanuel alilitunza fungu lake kwa mpangilio, na ndiyo maana sehemu kubwa ya fungu hilo tunayo hadi leo. Kaka mtu, Wilhelm Friedemann, naye mwanamuziki hodari, maisha yalimwendea kombo, akawa anauza karatasi za baba yake, na nyingi hazikuonekana tena. Baba ni yuleyule na muziki ni uleule. Kilichoamua nini tusikie na nini tusisikie ni mikono ya watoto wawili.

Halafu mchoraji Vincent van Gogh. Alifariki Julai 1890. Ndugu yake Theo, aliyekuwa akimtegemeza na kumtunzia picha zake, akafariki Januari 1891. Hebu pigeni hesabu ya hali ilivyokuwa: msanii hayupo, mdhamini wake hayupo, na kuna mamia ya picha ambazo soko halina habari nazo. Aliyebaki nazo ni mjane wa Theo, Johanna, na mtoto mchanga mkononi. Njia rahisi ilikuwa kuzitawanya na kuanza maisha mapya. Yeye akazishika. Akawa anazikopesha kwenye maonyesho, anauza chache kwa hesabu, na mwaka 1914 akachapisha barua za ndugu hao wawili, barua ambazo ndizo zilizowapa watu njia ya kuzielewa picha. Alifanya hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Umaarufu tunaomwekea van Gogh peke yake, nusu yake ni jasho la Johanna.

Na sisi wasomaji wa Kiswahili tunaye Muyaka bin Haji. Alifariki mnamo 1840, na mashairi yake mengi yakabaki vichwani na midomoni mwa watu. Aliyeyafuatilia ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, akayakusanya na kuyafafanua kwa kushirikiana na mmisionari Taylor. Diwani ikaja kuchapishwa mwaka 1940, karne nzima baada ya mwenyewe kufa. Kila anayemnukuu Muyaka leo anamsikia kupitia sikio la Sikujua, na sidhani kama hata mmoja kati ya ishirini wao anamtaja.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: anayetaka kazi yake imzidi umri ana shughuli mbili, kuitengeneza na kuitafutia mlezi. Ya kwanza tunaizungumza mpaka tunachoka. Ya pili tunaiachia msiba uje uiamue.

Karibuni wadau. Mmejipangaje?

#2

Nimekaa pale. Mkuu tiririka, na mwanasheria akipita naomba aguse hakimiliki.

#3

Kwa heshima zote, hii habari ya vizazi vijavyo ni kujipa umuhimu tu. Mimi nachora michoro ya vitabu vya watoto na matangazo. Napeleka ankara, nalipwa, nalala usingizi. Nikianza kumfikiria kilembwe wangu, mkono unakuwa mzito. Nimewahi kuhariri kitabu na mwandishi aliyekuwa "anaandika kwa ajili ya historia": kila sentensi imevaa suti, hakuna anayekaa chini, hakuna anayekohoa. Hakisomeki. Na marehemu hafaidi chochote. Waacheni watu wafanye kazi.

#4 – Mleta uzi

#3 tuko pamoja kuliko unavyodhani. Bach huyohuyo alikuwa mwajiriwa. Miaka yake ya mwanzo Leipzig alikuwa akitakiwa muziki wa ibada karibu kila Jumapili, na akiutoa, wakaimba, kisha inakuja Jumapili nyingine. Hakuandikia umilele, aliandikia wiki ijayo.

Mwana Kupona binti Msham hakuwa na hata hadhira ya kanisa. Mnamo 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia utendi bintiye, Mwana Hashima. Msomaji aliyekuwa machoni pake ni mmoja, anamjua kwa jina na kwa tabia, na anataka kumwambia mambo kabla hajaondoka. Mwaka 1934 utendi huo ukatolewa kitabu na Werner na Hichens, na hadi leo unasomwa na kubishaniwa, maana mafundisho yake ya unyumba si kila mtu anayameza. Kumlenga mtu mmoja hakukuupunguzia maisha. Mimi naona ndiko kulikoupa damu, kwa sababu mama anayemwaga ya moyoni kwa mwanawe hana muda wa kujitutumua.

Kwa hiyo baki na ankara zako, mkuu. Swali langu linaanza baada ya kulipwa: ule mchoro wenyewe, ule wa mkono, uko wapi sasa hivi?

#5 (yuleyule #3)

Upo. Nadhani. Chini ya kitanda, kwenye bomba la kadibodi.

#6

Mleta uzi, hapa nakukatalia. Unatuonyesha waliofika tu. Akina mama waliowatungia binti zao tenzi zikapotea hatuwajui, na huenda walikuwa wengi kuliko aliyefika. Ukisema "kumlenga mtu mmoja kunasaidia" wakati waliopotea hauwaoni, hiyo hesabu ina pengo.

Na mlezi naye si dawa ya kila kitu. Sappho, mshairi wa Ugiriki ya kale, alikuwa na walezi wa daraja la juu kabisa: wasomi wa Alexandria walimkusanya, wakampanga katika vitabu. Leo lililobaki zima ni shairi moja, mengine ni vipande vya mistari. Upande wa pili, angalia Ninawi, mji wa wafalme wa Ashuru. Mwaka 612 KK mji ulichomwa, na moto huo ukavichoma vibao vya udongo vya maktaba ya mfalme vikawa vigumu kama tofali. Karne ya 19 vikafukuliwa, na humo ndimo ilimopatikana sehemu kubwa ya utenzi wa Gilgamesh. Mlezi wake ni nani? Ni jeshi lililokuja kuteketeza mji! Bahati ina kiti chake mezani, tena kiti kikubwa.

#7 – Mleta uzi

Pengo nalikubali, nimelisoma na kulirudia. Kuhusu kumlenga mtu mmoja basi niseme kidogo zaidi: hakuizuii kazi kufika. Kwamba kunaifikisha, hilo siwezi kulithibitisha.

Ila kwa Sappho tazama vizuri kilichotokea. Hakuna siku moja iliyommaliza. Mafunjo, yale makaratasi ya matete ya zamani, huoza, na vitabu vilipohamia kwenye ngozi, yaliyohamishwa ni yale ambayo watu wa wakati huo waliyahitaji. Ya kwake mengi hayakunakiliwa tena. Basi. Ukiniuliza kinachoua kazi nyingi zaidi kati ya moto na uvivu wa kunakili, nitasema uvivu. Moto tunaukumbuka kwa sababu una tarehe.

Mfano wa kinyume ni Timbuktu, nchini Mali. Familia zilishika maandiko ya mababu kizazi baada ya kizazi, na mwaka 2012, wapiganaji walipouteka mji, Abdel Kader Haidara na wenzake wakayatorosha kwa masanduku ya bati hadi Bamako, kwa magari na kwa mitumbwi. Bahati ilikuwepo, sawa. Lakini masanduku hayakujibeba.

#8

Nichangie kwa yaliyotukuta sisi, maana mnaongelea wakubwa sana.

Mjomba wetu alikuwa mpiga gitaa na mtunzi, amepita bendi zaidi ya moja. Alipofariki tulikuta boksi la kaseti. Juu ya moja ameandika kwa kalamu ya wino "MPYA, namba 3, ile ya polepole". Nyingine "USIFUTE". Nyingine haina kitu. Tumezisikiliza zote. Kuna moja ina mwanamke anaimba sauti ya pili, sauti inayokufanya uweke chini ulichoshika. Katikati ya wimbo gitaa linanyamaza, mjomba anacheka, anasema "rudia hapo", mwanamke anarudia, na mara ya pili ni nzuri zaidi.

Hatujui ni nani. Wenzake wa bendi waliobaki kila mmoja anataja jina tofauti, tena kwa kuapa. Mtu wa redio aliupenda, akauliza: wimbo unaitwaje, katunga nani, kaimba nani, mwaka gani? Maswali manne, tukakosa yote manne. Akaurudisha kwa upole.

Kwa hiyo mimi ushauri wangu hauna falsafa: andikeni juu ya kitu. Jina la kazi, tarehe, waliomo. "Ile ya polepole" inatosha kwako wewe unayejua, haimtoshi mtu mwingine yeyote duniani.

#9

#8 pole sana, na tafadhali acheni kuzicheza hizo kaseti leo hii. Kila mara utepe unapopita kwenye kichwa cha mashine unachakaa, na ukiwa mkongwe unga wake unabanduka. Mtafuteni mtu mwenye deki nzuri, asafishe kichwa, azihamishe mara moja kwa faili za WAV, zisizobana sauti, biti 24. MP3 mtatengeneza baadaye kutoka kwenye hizo, kwa ajili ya kutumiana. Na kabla hamjaziweka popote, vunjeni vile vipande viwili vidogo vya plastiki kwenye ukingo wa juu wa kaseti, ili asitokee mtu akarekodi juu yake.

Mimi niko upande wa mifumo ya kompyuta, na kinachonisikitisha ni watu kuamini kwamba kitu kikishakuwa cha kidijitali kimepona. Mwaka 1986 BBC iliongoza mradi wa kuadhimisha miaka 900 ya Domesday, lile daftari la ardhi la Uingereza la mwaka 1086. Watu wengi sana walichangia picha na maandishi, vikawekwa kwenye diski za leza, teknolojia ya kisasa kabisa wakati ule. Haikupita miaka ishirini, mashine za kuzisoma zikawa za kutafuta kwa tochi, ikabidi wataalamu waunde njia ya kuokoa yaliyomo. Kitabu cha 1086, cha ngozi ya mnyama, unakifungua na kukisoma.

Mwaka 2019 nao mtandao wa kijamii wa MySpace wakakiri kwamba picha, video na nyimbo walizopandisha watu kwa miaka mingi zimepotea katika kuhamisha seva. Wanamuziki wengi walikuwa wameziacha huko kazi zao za ujana wakijua ziko salama. Wakuu, kupandisha kazi mtandaoni ni kuionyesha, si kuihifadhi.

Mafundi tuna kanuni ya kazi: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, na moja ikae jengo jingine. Nakala tatu kwenye kompyuta moja ni nakala moja. Flashi si ghala, ikikaa miaka bila kuchomekwa chaji inayoshika data inavuja. CD za kuchoma nyumbani nazo tabaka lake la rangi huharibika. Hakuna chombo cha kununua leo ukasahau, unahamisha kila baada ya miaka michache, na hapo ndipo namuunga mkono mleta uzi kuhusu kunakili.

Kingine, muundo wa faili. Maandishi yaweke kwenye maandishi matupu au PDF/A (PDF ya kuhifadhi muda mrefu), picha TIFF, sauti WAV. Faili inayofunguka kwa programu ya kulipia kila mwezi itafunguka kwa warithi wako mradi nao wanalipa.

Na akaunti. Google wana mpangilio unaoteua mtu wa kupokea data zako ukikaa kimya kwa muda unaouchagua, kati ya miezi 3 na 18. Apple nao wanaruhusu kuteua mrithi wa akaunti. Ni suala la dakika chache. Usipofanya, akaunti ya Google isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na kila kilichomo. Nywila usiiandike kwenye wosia, kwa sababu katika nchi nyingi wosia ukifika mahakamani unakuwa waraka wa wazi.

#10

Mmeniita, nimefika. Mimi ni wakili. Sitoi ushauri wa kesi ya mtu humu, sheria za nchi zinatofautiana, lakini misingi ni hii.

Mkataba wa Berne wa 1886 na marekebisho yake unazitaka nchi wanachama zilinde kazi za maandishi na sanaa kwa uhai wa mtunzi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Nyingine zimeenda hadi 70. Picha za kamera kima chake cha chini ni kifupi zaidi. Maana yake wewe ukifariki, kazi inaendelea kuwa mali, na mali inarithiwa. Sasa fikirieni warithi sita. Mchapishaji anataka kutoa toleo jipya, anahitaji sahihi sita, mmoja amenuna tangu matanga, mwingine hajulikani alipo. Mchapishaji haji kuwasuluhisha, anaenda kuchukua kitabu cha mtu mwingine. Nimeona kazi nzuri zikinyongwa hivyo, bila adui yeyote, kwa ukosefu tu wa mtu mmoja mwenye mamlaka. Fedha zigawanywe kwa wote, hilo ni sawa. Uamuzi mpe mmoja, kwa maandishi, ukitaja kazi zenyewe.

Mfano wa gharama ya karatasi ni Solomon Linda. Mwaka 1939, Johannesburg, alirekodi na kundi lake wimbo unaoitwa "Mbube". Haki zake ziliondoka kwa shilingi kumi. Wimbo ukazunguka dunia kwa majina na maneno mapya, ukaingia kwenye filamu, na yeye akafariki 1962 akiwa fukara. Mabinti zake waliokolewa na kipengele ambacho wengi walikuwa wamekisahau: sheria ya Uingereza ya 1911, iliyokuwa ikitumika huko, ilirudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi, hata kama aliziuza. Kwa kipengele hicho walifungua kesi, na 2006 wakafikia makubaliano nje ya mahakama. Angalieni tarehe: 1939 hadi 2006.

Sisemi usiuze haki. Soma unaziuza kwa muda gani, kwa nchi zipi na kwa matumizi gani, kisha mkataba wenyewe uhifadhi pamoja na kazi. Ukibuni ukiwa umeajiriwa, nchi nyingi zinaihesabu kazi kuwa ya mwajiri isipokuwa mmekubaliana vingine, kwa hiyo #3 chungulia mikataba yako. Mkitunga wawili au watatu, asilimia ziandikwe siku hiyohiyo studio, kabla wimbo haujapendwa na mtu.

Na #8, yule mwanamke wa sauti ya pili. Mtu wa redio hakuuliza kwa udadisi. Mwimbaji naye ana haki zake katika rekodi, na asiyejulikana hawezi kutoa ruhusa. Kicheko cha mjomba wako hakina tatizo, cha kwenu hicho.

#11

Wote mnaongelea makabati na makaratasi. Kwa sisi wachoraji kuna njia nyingine, kufundisha.

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mnamo 1968, Dar es Salaam, akitumia rangi za kung'aa za kupakia baiskeli juu ya vibao vya hadibodi. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne hivi, ndiyo kazi yake yote. Hakuacha taasisi wala tawasifu. Aliacha ndugu na vijana waliokaa pembeni yake wakitazama mkono unavyokwenda: unaanza na rangi ya nyuma, unamjaza mnyama, nukta unazimaliza mwisho. Wakaendelea, wakafundisha wengine, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima.

Ina gharama yake, sifichi. Picha zenye jina la Tingatinga ni nyingi mno, na alizochora yeye mwenyewe ni chache na ngumu kuzitambua. Mtindo ulibadilika mikononi mwa wanafunzi. Anayetaka kazi yake ibaki kama alivyoiacha, njia hii haimfai. Anayetaka iendelee kuzaa, sioni inayoipita.

#12

Nina swali ambalo linanipa aibu kidogo. Kuna vitu nimeandika ambavyo sitaki visomwe na mtu, hata nikiwa kaburini. Lakini siwezi kuvichoma, kwa sababu humo ndimo ninamochota. Mnafanyaje?

#13 – Mleta uzi

Swali zuri kuliko yote ya leo.

Franz Kafka alimwachia rafiki yake Max Brod maagizo kwamba maandishi yake yateketezwe. Kafka akafariki 1924, na mwaka 1925 Brod akamchapishia riwaya. Brod alijitetea kwamba alimwambia uso kwa uso, akiwa hai, kuwa agizo hilo hatalitekeleza. Wasomaji tunamshukuru Brod, na bado ni mtu aliyevunja agizo la marehemu. Mimi mwenyewe siku hadi siku nabadilika upande.

Emily Dickinson, mshairi wa Marekani, ni kisa kigumu zaidi. Alipofariki 1886, dada yake Lavinia alizichoma barua, kama alivyoagizwa. Kisha akakuta mashairi, mamia na mamia, ambayo hayakuachiwa agizo lolote. Jumla yake yanakaribia 1,800, na yaliyochapishwa akiwa hai hayazidi kumi na kitu. Yakaanza kutolewa 1890, lakini wahariri wakayanyoosha: vistari vyake wakavitoa, maneno wakabadilisha, vina wakavirekebisha vipendeze. Toleo kamili lililojaribu kuyarudisha kama alivyoyaandika lilikuja 1955. Kwa zaidi ya miaka sitini watu walimsoma Dickinson aliyechanwa nywele na mtu mwingine.

Kwa hiyo tenganisha. La kuteketezwa liteketeze mwenyewe likishamaliza kazi, usimpe rafiki kiberiti. La kufungwa kwa muda, andika juu ya bahasha lifunguliwe mwaka gani na nani, maktaba na nyaraka nyingi hupokea vitu kwa masharti ya aina hiyo. La kuchapishwa, sema kama ruhusa ya kurekebisha ipo au haipo. Na ukae na huyo mlezi, akuambie usoni kama atatii.

#14

Nimesoma uzi wote, asanteni. Mama yangu ni mtunzi, umri umekwenda. Ana madaftari ya mashairi kwa mkono, hajawahi kuchapishwa, wino umeanza kufifia na kurasa nyingine zinaachia. Sina deki wala skana. Nianzie wapi?

#15 – Mleta uzi

Anza na simu yako. Daftari lilale juu ya meza karibu na dirisha, mwanga utoke ubavuni, flashi uzime. Simu iwe sambamba na ukurasa. Piga kuanzia jalada hadi jalada kwa mpangilio, pamoja na kurasa tupu na zile zenye hesabu za nyumbani au namba za simu za watu, maana huwezi kujua kipi kitakuja kusaidia kuipata tarehe. Daftari moja, folda moja, na jina lenye kueleweka. Wino uliofifia, geuza picha iwe nyeusi na nyeupe uongeze ukolezi, lakini fanya hivyo kwenye nakala, picha ya kwanza usiiguse.

Kurasa zinazoachia usizibandike kwa seloteipu, gundi yake hugeuka njano na kula karatasi. Usizifanyie laminesheni pia. Ziache kwenye bahasha ya karatasi, mahali pakavu, mbali na jua. Namba za kurasa weka kwa penseli laini pembeni.

Halafu lililo kubwa kuliko picha: mkalishe mama asome kwa sauti, umrekodi. Mahadhi hayamo kwenye karatasi, anayajua yeye. Kila akimaliza shairi muulize alimtungia nani, na kulitokea nini siku hizo. Akianza kusimulia mambo mengine kabisa, usimkatize, mwache. Utakapokuja kuchapa, andika alivyoandika. Ukiona kosa la mizani, muulize kabla hujalisahihisha, mara nyingine litakuwa ni wewe unasoma vibaya.

Mkishafika hapo ndipo mzungumze na mchapishaji, au hata mtoe nakala chache na kupeleka maktaba ya taifa. Nchi nyingi zina sheria ya kukabidhi nakala za kila kinachochapishwa, na kitabu kilichoingia kwenye katalogi ya maktaba hutafutwa na watu ambao familia haitawafahamu kamwe.

#16 (yuleyule #14)

Nimemuuliza jioni hii. Amekubali kusoma, tena ameanza kuchagua kanga ya kuvaa ingawa nimemwambia ni sauti tu. Ila daftari la kijani amesema nisiliguse. Nimemweleza habari za yule Kafka na rafiki yake, akacheka sana, akachukua kalamu akaandika juu ya jalada: "La kwangu. Nikifa mpe dada yangu, yeye anajua."

#17 (yuleyule #10)

Aongeze sahihi na tarehe. Na huyo dada mtu aulizwe kama kweli anajua.